Injini ya Unga kwenye Mbio za Kiti Kimoja

Ijumaa, 3 Juni 1994

Eufrazia kaondoka alfajiri kwenda Gairo kununua mahindi. Mavuno yamekubali huko. Atarudi Jumapili ya tarehe 19. Kaniachia mashine yake ya kusaga na maagizo: niwashe, nisage, nizime. Nisifikiri. Ndivyo alivyosema, mbele ya binti yetu Jane. Nisifikiri! Mimi, afisa usafirishaji msaidizi wa zamani, kabla kiwanda hakijauzwa na sisi kupunguzwa kama matawi ya mkorosho.

Bahati mbaya nilikuwa nimeshafikiri tangu juzi. Kuna tangazo ukutani pale stendi. Kampuni mpya ya sabuni kutoka Dar inaanzisha mbio za magari kwa vijana. Siku hizi kila kitu ruksa, hata hilo. Gari liundwe hapahapa Morogoro. Liwe na kiti kimoja. Dereva awe kijana na awe peke yake, bila utingo, bila wa kumsukuma. Mbio ni tatu. Bingwa anapelekwa Afrika Kusini kusomea udereva wa mashindano, kazi ya kulipwa kabisa. Anafuatana na meneja wake.

Meneja! Nimelitamka neno hilo mbele ya kioo. Linanikaa vizuri.

Dereva ninaye. Jane ana miaka kumi na tisa na anaendesha kuliko wanaume wa mtaa huu wote. Nilimfundisha mwenyewe kwenye trekta la kiwanda. Ukweli, alijifundisha, mimi nilikuwa nimelala chini ya trela.

Tatizo ni Hatibu. Ana gereji Mwembesongo na tayari ameandikisha mpwa wake, Idrisa, na kigari cha injini ya pikipiki. Nilipopita pale jioni aliwatangazia mafundi wake kwamba Wanyamwezi hawahitaji gari, gari lao ni bega, babu zao walibeba meno ya tembo hadi Bagamoyo bila kusimama kuongeza mafuta. Nikamjibu kwamba Waluguru wanachojua ni kushuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani, tena breki ni kisigino. Gereji nzima ikacheka. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi, ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hakasiriki.

Nimekasirika sana, lakini kimoyomoyo.

Jumamosi, 4 Juni

Gari linahitaji injini. Sina injini. Nimekaa kwenye banda la mashine siku nzima nikisaga mahindi ya watu na kuwaza nitapata wapi injini. Tu-tu-tu-tu. Kelele mpaka mtu hawezi kuwaza.

Ilipofika saa kumi na moja nikagundua nimeiegemea.

Jane kapinga. Kasema baba, hiyo injini ndiyo inayotulisha, mama akirudi asipoikuta hapa tumekwisha. Nimemwambia mama yake yuko Gairo, mbio zinaisha tarehe 18, na tarehe 18 jioni injini itakuwa imerudi kwenye zege lake, boliti nne, hakuna atakayejua. Kauliza je ikiharibika. Nimemwambia injini ya dizeli haiharibiki. Kanitazama kama mama yake anavyonitazama. Kitu hiki kinarithiwa.

Jumanne, 7 Juni

Gari limekamilika! Fundi welda wa hapa Kihonda kaunganisha fremu ya trela na vyuma vya vitanda viwili. Kimoja chetu. Kiti ni kile changu cha ofisi, nilichoondoka nacho kiwandani siku ya kuagwa. Hakuna aliyenizuia, nadhani walidhani nakipeleka kukitengeneza.

Ni zito kidogo. Tumelisukuma wanaume wa nyumba tatu na bado lilitutazama tu. Likishawaka, linakwenda. Polepole, lakini kwa heshima. Linawashwa kwa hendeli mbele, kama ilivyokuwa kwenye banda, na ukizungusha vibaya hendeli inakurudi mkononi. Mkono wangu wa kulia umevimba. Naandika kwa kushoto.

Wateja wameanza kuja na madebe yao na kukuta mlango umefungwa. Nimewaambia mashine iko kwenye sevisi. Bi Sharifa, jirani yetu, kauliza sevisi gani hiyo inayopitishwa barabarani na kupigwa honi. Mwanamke huyu ana macho mengi kuliko inavyostahili.

Jumamosi, 11 Juni

Mbio za kwanza, Kihonda. Sijui nianzie wapi.

Magari matano. Watu wengi mno, hata juu ya miti. Msimamizi ni Bwana Ernest kutoka kampuni ya sabuni, kijana wa miwani, anabeba saa mbili, moja kila mkono. Bendera ikashuka. Kigari cha Hatibu kikatoka kama nyuki. Letu likatoka tu-tu-tu-tu, moshi mweusi, na mimi nikiruka pembeni nikipiga kelele za umeneja.

Kisha wanawake wakaanza kutoka.

Walitoka kwenye nyumba zote za upande ule. Wamesikia sauti ya mashine! Wiki nzima hawajasaga, watoto wanakula wali, sauti ile wanaijua kuliko adhana na kengele. Kila mmoja na debe lake kichwani. Wakalifuata gari. Mwendo wetu ulikuwa wa kuwatosha kabisa, hawakuhitaji hata kukimbia. Bi Sharifa akalifikia kwenye kona na kumuuliza Jane, bila kujali bendera wala nini, anamwagia wapi mahindi.

Jane akacheka mpaka injini ikazima. Kanuni zinakataza mtu mwingine kugusa gari. Akashuka mwenyewe, akajifunga kanga kiunoni, akazungusha hendeli mara moja tu, ikawaka. Mara moja! Umati ukalipuka. Bwana Ernest akatazama saa zake zote mbili na kuandika kitu. Nikaona kwa macho yangu kwamba mtoto huyu ni dereva kweli. Roho iliniuma kwa furaha. Sijapata kuwa na kitu kizuri namna ile, na nimekiweka kwenye kiti cha ofisi.

Tumekuwa wa nne. Gari la tano halikuwaka kabisa. Hatibu kashinda. Kaja kunipongeza: eti sasa anaelewa, Wanyamwezi wameacha kubeba pembe za ndovu, siku hizi wanabeba unga.

Jumatatu, 13 Juni

Bibi yake Hatibu kafariki jana huko milimani, njia ya Kiroka. Mzee sana. Atazikwa kesho. Mjomba wake Hatibu, Mzee Shukuru, ndiye mkubwa wa ukoo, na ameniletea salamu kwamba watani wanasubiriwa.

Hapa ieleweke. Msiba wa Mluguru bila mtani haunogi. Mtani ndiye anayelala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, anaigiza alivyokuwa akitembea marehemu, anawatukana wafiwa mpaka wanacheka katikati ya kilio. Pia anachota maji na kupasua kuni. Kwa nyumba ile mtani wa karibu ni mimi. Nilipofiwa na baba yangu, Hatibu alikuja hadi Tabora kwa treni, akaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe jogoo. Nililia na kucheka siku ile. Bado nakumbuka.

Lakini mbio za pili ni keshokutwa! Hatibu na Idrisa watakuwa matangani. Kigari chao hakitakuwepo. Hakutakuwa na wa kutushinda isipokuwa wale wawili waliotutangulia Kihonda, na wale wanaogopana wenyewe. Nikienda huko kesho nitashikwa mpaka siku ya tatu.

Nimetuma jibu: nina malaria kali.

Jane kaniambia baba, malaria haizaliwi saa hiyo hiyo mtu anapoihitaji. Kafunga kanga na kwenda msibani mwenyewe. Shauri yake. Meneja lazima awe na moyo mgumu.

Jumatano, 15 Juni

Mbio zimefutwa. Bwana Ernest amesema si vizuri kushindana wakati wenzetu wanaomboleza. Alama za mbio zote mbili zitapatikana Jumamosi, kwenye mbio za kupanda kutoka Bigwa kuelekea Kiroka. Kwa hiyo sikwenda msibani bure. Bure kabisa!

Zaidi ya hapo, habari za malaria zimeenea. Tangu asubuhi wanakuja kunitazama. Siwezi kutoka kitandani, ambacho sasa ni godoro sakafuni kwa sababu vyuma viko kwenye gari. Bi Sharifa kaleta uji. Kasimama mpaka nikaumaliza. Kasema ni unga wa kutwanga kwa mkono, ametwanga mwenyewe, kwa sababu mashine iko kwenye sevisi. Ulikuwa na chenga. Nimezimeza zote.

Jane karudi jioni. Kasema hakuna aliyelala njiani mbele ya jeneza. Walisubiri kidogo, wakaangaliana, wakapita. Hatibu kauliza hali yangu. Hakutania. Aliuliza kweli, na kesho anataka kuniletea dawa.

Nimejigeuza ukutani. Nimesema nina homa.

Jumamosi, 18 Juni

Naandika nikiwa nimelowa.

Mambo yalianza vizuri. Niyaandike hayo kwanza. Mlima si tambarare! Vigari vya pikipiki vilianza kwa mbwembwe, lakini baada ya Bigwa vikaanza kuchemka kimoja kimoja, madereva pembeni wakimwagia maji. Injini ya unga haijui mlima. Imezoea kusaga kutwa. Tu-tu-tu-tu, mwendo ule ule, kama mzee anayekwenda kudai haki yake. Jane kawapita wote. Kampita Idrisa! Mimi nilikuwa nyuma kwenye lori la watazamaji na Bwana Ernest. Nilimkumbatia. Nikamwambia mimi ndiye meneja. Akasema anajua, nimeshamwambia mara nyingi.

Tukakata kona. Gari letu limesimama.

Mbele yake, katikati ya barabara, wamekaa wazee juu ya mkeka. Mzee Shukuru katikati. Akina mama na kanga za msiba. Wamelifunga gari kwa kamba za mgomba, mbele na nyuma. Jane keshashuka, kapiga magoti, anawaamkia shikamoo mmoja mmoja. Bila shaka angeweza kuwazunguka. Hakuzunguka. Ndivyo alivyolelewa, na sikumlea mimi.

Mzee Shukuru akasimama na kutangaza kwamba hapa pamekamatwa gari la mgonjwa wa malaria. Mtani aliyekimbia msiba anatozwa mbuzi, na achote maji ya matanga kwa bega lake la kinyamwezi, na aigize mwendo wa marehemu hapa hapa mbele ya watu wa sabuni, ndipo kamba zikatwe. Watu wakaangua kicheko. Lori zima. Bwana Ernest akacheka. Hatibu, aliyekuwa mkekani na wazee wake, alicheka mpaka akajishika mbavu, na alikuwa ananitazama vizuri, kwa furaha, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo. Najua. Nishuke, nilegee, nijishike kiuno kama bibi yule, niseme mbuzi nitamleta akishapona malaria. Wangecheka, wangekata kamba. Idrisa alikuwa bado anamwagia maji kigari chake huko chini. Muda ulikuwepo.

Nikakasirika.

Kwa sauti. Kweli kweli. Nikasema wametuharibia. Nikasema wana wivu, Hatibu kawapanga. Nikasema mtoto wangu hawezi kukosa Afrika Kusini kwa sababu ya kikongwe aliyekwisha kula chumvi yake yote. Nikashika kamba kuikata.

Kicheko kilikatika. Nasikia mpaka sasa jinsi kilivyokatika. Ndege tu na injini.

Mzee Shukuru akainama, akafungua kamba mwenyewe, zote mbili. Akaukunja mkeka na wazee wenzake wakamsaidia. Akaniambia kwa upole, basi mwanangu, chukua gari lako, pole kwa usumbufu.

Jane akakataa kupanda. Nilimwamuru. Akasema shikamoo baba, na akaenda kukaa na akina mama wa msiba. Idrisa akapita, kavua kofia mbele ya wazee, kapita polepole, hakushangilia. Kashinda.

Nikasema nitaendesha mwenyewe. Nikageuza gari kurudi mjini. Sikuwa nimewahi kujiuliza kuhusu breki, kwa sababu kupanda hakuhitaji breki. Kwenye daraja dogo nilihitaji. Gari likachagua mto.

Mimi nimetoka. Injini iko ndani ya maji, kichwa chini, hendeli juu. Eufrazia anarudi kesho.

Jumapili, 19 Juni

Karudi saa saba na lori la magunia. Vijana wakaanza kushusha mahindi bandani. Kaingia. Pale palipokuwa na injini kuna zege na boliti nne.

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Wezi. Sevisi. Serikali. Nilikuwa na mengi ya kuchagua.

Hakuuliza. Angepiga kelele ningeshukuru. Kakaa juu ya gunia na kumtazama Jane, aliyerudi asubuhi. Jane kamwambia yote, kwa mpangilio, tangu siku ya kwanza. Sikujua ana kumbukumbu namna ile. Nilisimama mlangoni nikisikiliza habari zangu na kila sentensi nilitamani imhusu mtu mwingine.

Eufrazia kauliza jambo moja tu: bibi kazikwa lini. Jane kasema Jumanne. Eufrazia kalia hapo hapo. Kumbe bibi yule ndiye aliyemuuzia mbegu zake za kwanza za maharage alipokuwa msichana. Miaka yote hii nimeishi naye, sikujua. Kabadili kanga, kachukua gunia moja la mahindi mapya, kapanda lori lile lile kwenda milimani. Hakuniambia anakwenda. Nilimuona akipita dirishani.

Mahindi yamejaa nyumba nzima na hakuna wa kuyasaga.

Jumanne, 21 Juni

Injini imerudi. Vijana wa kule kijijini waliitoa mtoni kwa kamba na magogo, bila kuombwa na mimi. Hatibu kaja na mafundi wake, kaifungua yote, kaikausha, kabadilisha kilichohitaji kubadilishwa, kaifunga kwenye zege. Kutwa nzima. Eufrazia kawapikia. Jioni imewaka. Tu-tu-tu-tu. Bi Sharifa alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na wa pili, na wa tatu, maana alikuwa na madebe matatu.

Mlango wa banda una kufuli jipya. Ufunguo mmoja anao Eufrazia, wa pili anao Jane. Mimi nimepewa kazi ya kubeba magunia kutoka nyumba kwenda bandani. Kwa bega.

Idrisa anakwenda Afrika Kusini. Bwana Ernest kaja kumuaga Jane pia na kumwambia mwakani mbio zitarudi, na Hatibu kamwomba Jane amwendeshee kigari chake, kwa sababu Idrisa hatakuwepo. Jane akamtazama mama yake. Mama yake akakubali kwa kichwa. Nilikuwepo, nimeshika gunia.

Yote haya nilikuwa nimeyategemea. Nimeyabeba. Lakini kuna lingine.

Hatibu alipomaliza kunawa mikono nilimsogelea. Nilikuwa tayari. Nilijua atasema sasa nimeona, Mnyamwezi kaamua kuvua samaki kwa injini ya unga, au chochote, mtu yule hakosi. Nilikuwa nimeshapanga na jibu langu, zuri sana, kuhusu Waluguru na madaraja.

Hatibu alinyoosha mkono. Akasema habari za jioni, Bwana Thobias. Akauliza kama nyumbani hawajambo. Akasema samahani kwa kuchelewa, kazi ilikuwa nyingi. Akaaga.

Bwana Thobias! Tangu nihamie Morogoro hajaniita hivyo. Aliniita bega, mpagazi, pembe ya ndovu, mkwezi wa barabara, aliniita majina ambayo siwezi kuyaandika hata hapa. Nimesimama uani nikitazama mgongo wake mpaka alipopotea. Sikumbuki lini nimejisikia peke yangu namna hii, na nyumba imejaa watu.

Jane kasema ndivyo inavyokuwa, baba. Ukimkasirikia mtani, hana cha kukufanyia tena isipokuwa heshima.

Alhamisi, 23 Juni

Sijalala. Lakini nimefikiri, na nadhani nimepata.

Mtani hawezi kukaa kimya mbele ya ugonjwa mkubwa wa mtani wake. Hiyo ni damu, si hiari. Akisikia niko hoi atakuja, na akija hatajizuia. Atanipima urefu kwa kamba ya sanda. Atauliza kama kiti cha ofisi nakiacha kwa nani. Mimi nitafumbua jicho moja na kumjibu, tutacheka, na mambo yatarudi mahali pake.

Saa mbili asubuhi nimejilaza. Nimejipaka majivu kidogo chini ya macho. Nimemwomba Jane aende Mwembesongo, gerejini kwa Hatibu, na kusema baba kazidiwa. Jane kayatazama yale majivu. Kasema atasema kwamba mimi ndiye niliyesema nimezidiwa. Nimekubali, ni karibu sawa.

Saa saba karudi. Hatibu hakuja. Jane kasema alikuwa chini ya gari, akatoka, akavua kofia, akaifuta mikono, akasema poleni sana nyumbani, Mungu atamjalia nafuu. Akarudi chini ya gari.

Poleni sana.

Nimelala nikitazama bati. Eufrazia anasaga huko bandani. Nimewaza mpaka jioni kosa langu liko wapi, na sasa nimeliona. Ugonjwa haukutosha. Ugonjwa nilishautumia.

Kesho nitakufa.